Mikono ya Kuazima

Novemba 1944, ndani ya mojawapo ya nyumba chache zilizobaki zimesimama katika Warsaw iliyochomwa moto, kapteni wa jeshi la Ujerumani aitwaye Wilm Hosenfeld alimfuma Myahudi mmoja aliyekondeana akipekua jikoni kutafuta cha kutia tumboni. Akamuuliza kazi yake. Yule mtu akajibu kwamba ni mpiga piano. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na piano, na kapteni akamtaka apige.

Waliotazama The Pianist, filamu ya Roman Polanski ya mwaka 2002, wanajua kinachofuata. Adrien Brody, katika nafasi ya Władysław Szpilman, anagusa vibao kwa woga, kisha mikono inachangamka, na haujapita muda Ballade ya kwanza ya Chopin inatikisa chumba kizima. Ballade ile ni kipande kinachowatoa jasho hata waliobobea, hasa pale mwishoni ambapo mikono yote miwili inatakiwa kukimbia kama iliyofukuzwa. Polanski ameifupisha sana, lakini ule mwisho wenye moto ameubakiza.

Szpilman mwenyewe alisimulia kisa hicho katika kitabu chake kilichotoka 1946, na habari yake ni nyingine. Alipiga Nocturne ya Chopin ya C-sharp minor, kipande kifupi cha mwendo wa polepole. Alikuwa hajagusa piano kwa miaka miwili na nusu. Vidole vilikuwa vimekakamaa na vimejaa uchafu, kucha ndefu hazijakatwa, na piano yenyewe haikuwa imepangwa sauti, hivyo nyuzi zikatoa mlio mkavu, kama wa vioo. Sasa weka masimulizi hayo kando ya filamu. Tunachokisikia kwenye filamu ni Janusz Olejniczak, Mpolandi aliyeshika nafasi ya sita katika Mashindano ya Chopin ya Warsaw mwaka 1970, akipiga piano nzima, iliyopangwa vizuri, kwa mikono iliyoshiba. Hata mikono inayoonekana kwa karibu ni yake.

Naipenda filamu ile, na sababu za Polanski zinaeleweka. Nocturne alikuwa ameshaitumia mwanzoni, Szpilman anapopiga redioni huku mabomu yakianguka, na kwenye kilele cha filamu alitaka kitu kizito zaidi. Lakini angalia alichokitupa: kucha, vidole vilivyokakamaa, nyuzi zilizolegea. Alitupa yale ambayo mwanamuziki yeyote angeyakumbuka kabla ya jambo lingine lolote, na Szpilman aliyakumbuka.

Mtu akitaka kujua kama filamu ni ya kweli katika mambo ya piano, kwa kawaida huulizia vidole. Je, anapiga mwenyewe? Je, mkono uko upande wa kulia pale sauti inapopanda? Wapiga vinanda wa kwaya zetu ni mabingwa wa ukaguzi huu, ukikaa nao sebuleni hufurahii filamu, kwa maana kila dakika mmoja atasema, “Tazama, anapiga hewa huyo!” Nawaelewa. Ila nadhani uongo wa vidole ndio mdogo kuliko wote ambao sinema imetuambia kuhusu muziki, na una kanuni zake za ufundi ambazo si siri.

Kwa kawaida muziki hurekodiwa kwanza studio. Siku ya kupiga picha, rekodi hiyo hufunguliwa kwenye spika, na piano iliyoko mbele ya kamera huzibwa mdomo: ama nyundo zake hufungwa zisifikie nyuzi, ama nyuzi hufunikwa zisilie. Mwigizaji anabonyeza kitu kinachotoa sauti ya tap-tap tu, akifuata rekodi. Kamera inamtazama kutoka upande wa pili wa piano, mahali ambapo ubao unaficha mikono na kuacha kifua na uso. Kisha inakatwa, inakuja picha ya karibu ya mikono ya mtu mwingine aliyevaa koti lilelile. Ukiona filamu haionyeshi mikono na uso ndani ya picha moja bila kukata, jua hapo pana mtu wa pili.

Katika Casablanca, ya 1942, mtu huyo alikuwa Elliot Carpenter. Dooley Wilson, aliyemwigiza Sam mpiga piano wa baa ya Rick, alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma, piano hakuijua. Carpenter aliwekwa kando ya seti, mahali ambapo Wilson angeweza kumwona na kuiga mwendo wa mikono yake. Tazama tena ukipata nafasi, utaona mabega ya Wilson yanakwenda vizuri mno, kwa sababu mpiga ngoma anajua mapigo hata kama hajui vibao. Kipiano chenyewe kina vibao 58, wakati piano kamili ina 88. Mwaka 2014 kiliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 3, pesa ambazo zingetosha kununua zaidi ya piano kubwa kumi mpya za ukumbini, na zote zingekuwa bora kuliko hiyo.

Wazee wa Unguja, Dar na Mombasa walioijua sinema ya Kihindi enzi za kumbi za Majestic na Empire wana picha yao ya piano, na haihusiani kabisa na ufundi. Tajiri ameandaa karamu. Katikati ya sebule kuna piano kubwa inayong'aa. Kijana aliyevunjika moyo anaombwa aimbe, anaketi, na ghafla anajua kupiga, ingawa tangu filamu ianze hatujasikia kwamba aliwahi kufundishwa. Dilip Kumar alifanya hivyo katika Andaz ya 1949, na Raj Kapoor katika Sangam ya 1964, akiwaimbia mke wake na rafiki yake maneno ambayo kila mmoja pale sebuleni anayasikia kwa namna yake. Sauti ni ya mwimbaji Mukesh katika zote mbili. Mikono inapanda na kushuka mahali palepale, huku muziki ukienda kwa violini na tabla ambazo hazimo chumbani. Hakuna aliyelalamika, na sioni kwa nini alalamike. Piano pale ni mahali pa kumketisha mtu mwenye fumbo, apate kuwatazama wote na wote wamtazame, na yule anayelengwa asiwe na pa kukimbilia. Waswahili waliokua na mafumbo ya taarabu walielewa mara moja.

Wahindi wenyewe walibadilika baadaye. Mwaka 2018 Sriram Raghavan alitoa AndhaDhun, kisa cha mpiga piano wa Pune anayejifanya kipofu, na Ayushmann Khurrana akajifunza piano ili mikono inayoonekana iwe yake. Hapo ilikuwa lazima. Filamu nzima inahusu nini kinaonekana na nani anaona, na mtazamaji aliyekwisha kuanza kushuku macho ya mhusika angeshuku na vidole.

Orodha ya waigizaji waliojifunza kwa dhati ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Geoffrey Rush alikuwa ameacha masomo ya piano akiwa na miaka 14. Alipopewa nafasi ya mpiga piano David Helfgott katika Shine (1996) alirudi kwa mwalimu ili asihitaji mikono ya mtu, ingawa sehemu kubwa ya sauti ni ya Helfgott mwenyewe. Ryan Gosling alikaa na piano karibu miezi mitatu kabla ya La La Land, na mikono unayoiona kwenye filamu ni yake, ijapokuwa sauti ni ya Randy Kerber. Holly Hunter alikwenda mbali zaidi katika The Piano ya Jane Campion (1993). Alikuwa mpiga piano tangu utotoni, mtunzi Michael Nyman akaandika muziki akizingatia uwezo wa mikono yake, na sauti tunayoisikia ni yake. Mhusika wake, Ada, hasemi; piano ndiyo kinywa chake. Kama mikono ingekuwa ya mwingine, Ada angekuwa bubu mara mbili.

Katika filamu hiyohiyo piano inaachwa ufukweni New Zealand, na baadaye Ada anakwenda kuipigia palepale mchangani. Niseme hapa kwamba jambo hili linawezekana, maana piano ya kweli haihitaji umeme. Tatizo la umeme ni la kwetu, la zile video za kwaya ambamo kinanda kimesimikwa juu ya mwamba kando ya ziwa, hakuna waya, hakuna jenereta, na mpigaji anatabasamu kwa imani kubwa. Kinachotia shaka kwa Campion ni maji ya chumvi na unyevu, na yeye analijua hilo: yule jirani anayeichukua piano anamleta fundi wa kuipanga sauti, mzee kipofu anayeinusa na kuisikiliza kabla ya kuigusa. Ni filamu chache mno zinazomkumbuka fundi wa piano. Kwingine kote piano iliyokaa miaka ndani ya jumba lililohamwa, paa linavuja na panya wamezaa ndani yake, inafunguliwa na kulia kama imetoka kiwandani asubuhi.

Jamie Foxx alikuwa na mtaji wake mwenyewe. Alisoma chuo kikuu kwa ufadhili wa piano, na katika Ray (2004), alipomwigiza mwanamuziki kipofu Ray Charles, vidole ni vyake, huku macho yamefunikwa asione kitu kwa saa nyingi za kazi. Amesimulia mara kadhaa jinsi Ray Charles alivyomketisha kwenye piano kando yake kabla ya filamu kuanza, wakapiga pamoja, na Foxx akakosea nota. Mzee akasimama akamuuliza kwa nini amefanya hivyo, wakati nota zote ziko pale chini ya vidole vyake. Charles alifariki Juni mwaka huohuo, miezi michache kabla ya filamu kutoka. Sahihisho lile lina ukweli mwingi kuliko filamu nyingi nzima zinazohusu wanamuziki, kwa sababu maisha ya muziki yamejaa masahihisho ya namna hiyo, madogo, makali kidogo, yasiyo na watazamaji.

Siku hizi teknolojia imepunguza hata haja ya kukata picha. Katika Green Book (2018) Mahershala Ali alifundishwa na Kris Bowers, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, namna ya kukaa, kuinua mikono na kuisubiri sauti iishe. Kwenye vipande vigumu aliyekaa pale ni Bowers, na uso wa Ali umepandikizwa kwa kompyuta. Bowers alilazimika kusikiliza rekodi za Don Shirley, mpiga piano anayeigizwa na Ali, na kuziandika upya nota kwa nota ili aweze kuzipiga. Kazi ile ya masikio, mtu peke yake na rekodi, akirudisha nyuma na kurudisha tena, haimo kwenye filamu. Shirley wa kwenye filamu anapanda jukwaani kila usiku akiwa tayari, na kutwa nzima ya mchana anakaa ndani ya gari.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wakaguzi wa vidole. Mazoezi ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya mpiga piano, na sinema haijui la kuyafanyia. Mazoezi ya kweli yanachosha kutazama: kipande cha sekunde sita kinarudiwa polepole, mkono wa kushoto peke yake, kisha wa kulia, mpaka majirani wachoke. Kwa hiyo filamu huyaruka kwa kumfanya mwanamuziki mtu wa miujiza, au huyageuza kuwa mateso.

Miujiza ina mifano ya kuchekesha. Katika The Legend of 1900 ya Giuseppe Tornatore, mtu aliyezaliwa na kukulia melini, ambaye hakufundishwa na yeyote, anashindana na mpiga piano wa jazz Jelly Roll Morton na kupiga kwa kasi kiasi kwamba anawasha sigara kwa joto la nyuzi. Kama hadithi ya kubuni, nzuri sana. Lakini wazo lililo chini yake, kwamba ufundi hushuka tu juu ya mtu, limo pia ndani ya filamu zinazojiita za historia. Amadeus ya Miloš Forman (1984) inamwonyesha mtunzi mwenzake Salieri akipekua nota za Mozart na kustaajabu kwamba hazina hata alama moja iliyofutwa. Mozart wa kweli alichora rasimu, akafuta, akaanza upya. Rasimu hizo zipo hadi leo. Mwaka 1785 alipomtunukia Haydn vipande sita vya violini mbili, viola na cello, aliandika kwamba ni matunda ya kazi ndefu yenye taabu.

Na bado Amadeus ina sehemu moja ninayoiweka juu ya karibu kila filamu ya muziki. Mozart yuko kitandani, anakufa, Salieri ameshika kalamu, na Mozart anamtajia Requiem: sauti za besi kwanza, kisha za tenor, kisha tromboni, kisha ngoma, kisha nyuzi. Tunasikia kila safu peke yake, halafu zote pamoja. Salieri, ambaye utunzi ndio kazi yake, anapitwa, anaomba arudiwe, kisha ghafla anaelewa na uso wake unabadilika. Kihistoria ni uzushi mtupu. Salieri hakuwepo, na aliyemalizia Requiem ni Süssmayr, mwanafunzi wa Mozart. Lakini namna muziki unavyojengwa kichwani, tabaka juu ya tabaka, na namna mwanamuziki mmoja anavyomsikia mwenzake, sijaiona mahali pengine ikielezwa kwa usahihi ule kwa watu wasiosoma nota.

Mateso nayo yana mila ndefu. Mwaka 1945, katika A Song to Remember, Cornel Wilde alimwigiza Chopin huku José Iturbi akipiga, na katikati ya ziara tone jekundu la damu likaanguka juu ya vibao vyeupe. Karibu miaka 70 baadaye damu ileile ikarudi kwenye ngoma za Whiplash (2014) ya Damien Chazelle, ambamo mwalimu anamtukana na kumrushia kiti mwanafunzi ili autoe ukuu uliomo ndani yake. Ngao yake ni kisa cha mpiga saksafoni Charlie Parker: eti mpiga ngoma Jo Jones alimrushia sahani ya ngoma nusura amkate kichwa, na ndipo Parker akawa Parker. Kisa kilitokea kweli Kansas City, 1936, ila Jones aliidondosha sahani sakafuni, karibu na miguu ya kijana, kumwashiria atoke jukwaani. Kilichomfanya Parker kuwa Parker kilikuja baadaye: kiangazi cha 1937 kule milima ya Ozark, pamoja na rekodi za Lester Young alizozikariri pigo kwa pigo. Chazelle, aliyepiga ngoma akiwa sekondari, alichagua sahani ya kurushwa. Ozark haina picha nzuri. Kuna kijana amekaa na gramafoni.

Wachache wameona kwamba kusikiliza nako kunaweza kupigwa picha. François Girard alipotengeneza Thirty Two Short Films About Glenn Gould mwaka 1993 alimwacha Colm Feore, aliyemwigiza mpiga piano huyo, asionekane hata mara moja akipiga piano. Tunamwona Gould ameketi kwenye mgahawa wa madereva wa malori, na masikio yake yanazichambua sauti za meza za jirani, mmoja anaingia, mwingine anapokea, wa tatu anakatiza, mpaka mazungumzo ya watu wa safari yanakuwa fuga ya Bach. Anayemjua Gould kwa rekodi zake atamtambua hapo kuliko ambavyo angemtambua kwa vidole vyovyote.

Lakini nikiambiwa nichague filamu moja tu, nitachagua ya Ingmar Bergman ya 1978, Autumn Sonata. Charlotte, mpiga piano wa kimataifa, amekuja kumtembelea binti yake Eva, mke wa mchungaji kijijini Norway, baada ya miaka mingi. Jioni Eva anampigia mama kipande alichokuwa akijifunza, Prelude ya pili ya Chopin, ya dakika mbili hivi, ambayo mkono wake wa kushoto una sauti zinazogongana vibaya na hauna mahali pa kujificha. Anaipiga kwa tahadhari, kwa hisia nyingi. Mama anasifu kidogo, kama watu wanavyosifu. Binti anataka kujua ukweli. Ndipo mama anaketi na kueleza: Chopin ana hisia lakini si mtu wa kulialia, maumivu yapo ila yanazuiliwa, na kipande hiki kinatakiwa kisikike karibu kibaya. Kisha anapiga, na Bergman anaweka nyuso mbili ndani ya picha moja: mama anatazama mbele, binti anamtazama mama.

Kila neno analolisema Charlotte kuhusu muziki ni sahihi, na kila neno linamchoma binti. Yeyote aliyewahi kufundishwa na mtu anayempenda na kumwogopa anaijua dakika hiyo. Ingrid Bergman na Liv Ullmann, mama na binti wa filamu hiyo, hawakuwa wapiga piano. Mikono na sauti ni za Käbi Laretei, mpiga piano mzaliwa wa Estonia aliyewahi kuwa mke wa mwongozaji huyo. Prelude ya Charlotte ilikuwa kazi yake ya kila siku. Ya Eva ilimtaka apige kama mtu aliyejifunza peke yake jioni baada ya kuosha vyombo, apige nota zote sawasawa, kwa upendo, na bado asiipate.